Hoteli Iliyoulizwa Jina la Mama

Barua kutoka Dar es Salaam ilisomwa mara tatu nyumbani kwa Mzee Lohay, Endagikot, na mara zote tatu mzee aliuliza swali lile lile.

"Nyumba ya nani?"

Joakimu, mwanawe, aliinua tena karatasi kuelekea mwanga wa mlangoni. Alikuwa katekista, mtu aliyezoea kusoma mbele za watu, na hakupenda kukwama. "Baba, imeandikwa hapa. Chumba kimoja, vitanda viwili vya chuma, magodoro ya sufi. Bomba la maji liko uani. Shilingi nne kwa usiku, na mgeni atalipa kabla ya kulala. Iko Kariakoo, nyuma ya soko."

"Vitanda nimesikia. Bomba nimesikia. Mtu sijamsikia."

"Ni nyumba ya wageni, Baba."

"Wageni wana nyumba? Mwenye nyumba si mgeni."

Tekla, mke wa Joakimu, aliinamia chungu asionekane anatabasamu. Si vizuri kumcheka mkwe, na ni vibaya zaidi kumcheka mkwe ambaye nauli yako ni maksai wake. Mzee alikuwa amekwisha kukubali kumuuza. Alichokuwa hajakubali ni hicho cha kulala.

Safari yenyewe ilikuwa ya Tekla tangu mwanzo. Benedikta, kifungua mimba wake, alikuwa anamaliza mafunzo ya unesi huko Dar es Salaam. Aliandika kwamba siku ya kumaliza kila msichana atavishwa kofia nyeupe na mzazi wake, na ambaye mzazi wake hakufika atavishwa na matroni. Tekla alisomewa barua hiyo akiwa na gunzi mkononi. "Mwanangu hatavishwa kofia na Mzungu," alisema, "huku mama yake yuko hai, anapukuchua mahindi." Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyechota maji Endagikot bila kusikia habari za kofia.

Ndugu hawakuwa nao pwani. Benedikta alilala bwenini, kwenye geti lenye mlinzi. Hoteli kubwa za kule ufukweni zilikuwa za Wazungu, jambo ambalo katika mwaka ule wa hamsini na sita hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ndipo Zubery, mwenye duka mjini Mbulu, alipowapa anwani ya vyumba vya bei nafuu ambako yeye hulala akifuata bidhaa. Joakimu akaandika kuuliza bei, akajibiwa vizuri, kwa mhuri, bila jina la mtu.

Sasa mtu wa Endagikot jua likimchwea njiani haulizi bei. Anauliza nyumba ni ya nani, baba wa huyo ni nani, mama yake alitoka wapi, anapakana na akina nani. Anauliza hadi upatikane uzi fulani, shemeji wa mbali, au ng'ombe aliyewahi kuazimwa na babu. Uzi ukipatikana ndipo anaweka fimbo chini. Usipopatikana, anaendelea kutembea.

"Maksai yule nimemlea mwenyewe," alisema Mzee Lohay. "Simtoi ili watoto wangu wakalale kwa mtu asiye na jina. Mkifa kule nitamwuliza nani? Nitasema nimepotelewa na mwana kwenye vitanda viwili vya chuma?"

*

Joakimu alikwenda kwa Zubery siku ya soko, akasubiri wateja watoke ili aulize kwa siri. Hawakutoka. Watu waliingia duka lile kununua chumvi, wakabaki kupokea habari. Mwishowe akainama juu ya meza na kuuliza kwa sauti ya chini.

"Jina la mwenye hoteli?" Zubery alirudia kwa sauti iliyotosha kusikika mnadani. "Joakimu, wewe unataka kulala au unataka kuoa?"

Duka zima likacheka. Joakimu alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Ni Baba anayetaka kujua. Pamoja na jina la mama yake. Na majirani."

"Hoteli haiulizwi mama yake, ndugu yangu! Unalipa dirishani, unapewa ufunguo, unalala, unaondoka. Mimi nimelala pale mara ngapi, nimemjua nani? Ukiandika barua ya namna hiyo watu wa pwani watasema Wambulu tumeshuka mlimani jana." Zubery alizaliwa Mbulu kwa baba Mnyamwezi na mama Mrangi, na aibu ya Wambulu aliifanya yake hasa siku za soko, mbele ya watu.

Halafu akaona uso wa mwenzake, akapunguza sauti. "Sikiliza. Tunga jina. Mwambie mzee nyumba ni ya Yahaya. Kila mji una Yahaya."

Joakimu alitoka masikio yakiwaka moto. Njia nzima ya kupanda kurudi nyumbani, yeye aliyewafundisha watoto wa parokia amri ya nane, ya kutosema uongo, alikuwa akilijaribu jina la Yahaya mdomoni.

*

"Baba, nimepata. Nyumba ni ya Yahaya."

"Yahaya." Mzee alilionja jina, akalipenda. "Vizuri. Yahaya wa nani?"

Joakimu hakuwa amejiandaa. Jina la kwanza lililomjia lilikuwa la mpiga kengele wa kanisani. "Yahaya wa Hermani."

Tekla aligeuka taratibu kumtazama mumewe.

"Ana watoto?"

"Saba."

"Mungu amempa. Na mama yake?"

"Mama yake hayupo, Baba."

"Amekufa?"

"Hapana." Joakimu aliona ni dhambi kumwua mama wa watu.

"Amekwenda wapi, basi?"

"Hajaenda mahali. Hakuwahi kuwepo."

Ndama alikohoa kwenye kona yake ya nyumba. Mzee Lohay alimtazama mwanawe kwa huruma nyingi. "Mtu ana watoto saba," alisema, "na mama hajawahi kuwa naye. Huyo ndiye mnayetaka kwenda kulala kwake."

Tekla alishindwa. Alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kanga, akacheka hadi akakaa chini, na Joakimu naye, kwa aibu mbili, ya kusema uongo na ya kuusema vibaya, akaanza kucheka pia. Lakini kicheko kilipokwisha machozi ya Tekla hayakwisha. Alikuwa anaona mstari wa wasichana, mama wa huyu anafika, mama wa yule anafika, na Benedikta anageuza shingo kutazama mlango.

"Nitakuwa nacheka hapa hapa," alisema, "siku mwanangu anavishwa kofia na mtu mwingine."

Akajifuta uso, akainuka. "Lete kalamu. Utaandika ninayoyasema mimi, na usiyarekebishe."

"Tekla, watatucheka."

"Wacheke. Wakicheka watakuwa wameisoma."

Joakimu aliweka karatasi juu ya sanduku la bati. Tekla alisimama katikati ya nyumba, mikono nyuma, kama mtoto anayekariri katekisimu, na kwa heshima ya mkwe hakumtazama mzee, ila alisema kwa sauti ili mzee asikie kila neno.

"Anayeuliza jina la mtu hutanguliza lake. Andika: Mwenye nyumba, salamu. Mimi ni Tekla, mama yangu ni Amsi wa Murray, mtu wa maneno machache. Mume wangu ni Joakimu mwana wa Lohay. Anafundisha dini. Ni mtaratibu, ila akilala chali anakoroma."

"Hilo nalo niandike?"

"Atakayelala chumba cha pili ana haki ya kujua. Andika: tunapakana na Nikolausi seremala upande wa jua kuchomoza, upande wa pili ni mto. Tunakuja kumvisha mtoto wetu kofia. Hatuna ndugu huko, na baba yetu hawezi kuturuhusu tulale kwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo tunakuomba, utuambie wewe ni nani, na baba yako, na mama yako."

"Na majirani," alisema Mzee Lohay kwenye giza lake. "Mtu anaweza kujisifu. Jirani hasifii bure."

Joakimu aliandika yote. Kesho yake aliipeleka barua posta kwa njia ya nyuma, asipite mbele ya duka.

*

Habari haifichiki Endagikot. Kabla ya Jumapili watu wote walijua kwamba Joakimu ameiandikia hoteli kuiuliza ukoo. Baada ya misa Nikolausi alimshika mkono na kumwuliza kama hoteli imekubali posa. Mwalimu Patriki wa shule, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, alitaka kujua mahari ya hoteli ni ng'ombe wangapi, na kama hoteli ikizaa, mtoto anaitwa chumba. Joakimu alicheka pamoja nao kwa mdomo. Akifika nyumbani alikuwa mkali kwa ndama.

Juma moja likapita, na la pili, na la tatu. Kila jioni Tekla alijipa kazi upande wa nyumba unaotazama barabara. Basi la mwisho linaloweza kuwafikisha kabla ya sherehe lilikuwa la Jumanne inayofuata. Siku ya Ijumaa alitoa gauni lake jipya, akalitazama, akalikunja tena ndani ya sanduku, chini kabisa, chini ya mablanketi. Alikuwa ameanza kukata tamaa, na hakutaka mtu amwone.

Jumamosi mchana alionekana mtu anasukuma baiskeli kupanda kilima, shati limelowa. Alikuwa Zubery, ambaye barua za nusu ya Mbulu zilipitia sanduku lake la posta. Bahasha aliyokuwa nayo ilikuwa nene.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umefunga duka siku ya Jumamosi?"

"Nimefunga. Bahasha sikuifungua, Mungu shahidi. Ila nataka kuisikia ikisomwa. Sitaki kuja kuhadithiwa na Nikolausi."

Wakaingia wote. Joakimu akasoma.

"Kwa Tekla, mtoto wa Amsi. Salamu sana. Mimi ni Shumbana binti Tawakali. Baba yangu alikuja hapa kutoka Ujiji kwa miguu, alikuwa mpagazi, akajenga nyumba hii kwa udongo, nami nimeiezeka bati. Mama yangu ni Sauda. Alikuwa anapika maandazi ambayo mpaka leo watu wanayakumbuka. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili kukodisha vyumba. Watu wameniuliza bei, wameniuliza kunguni, wameniuliza kama mlango unafungika. Wengi hawajui hata kama mwenye nyumba ni mimi, wanadhani ni kijana ninayemlipa akae dirishani. Jina la mama yangu sijaulizwa na mtu. Barua yenu iliposomwa nilidhani mnakuja kuniposa, nikaenda kuoga."

Tekla alipiga makofi. Zubery alikuwa ameinamisha kichwa. "Mwanamke," alisema peke yake. "Nimelala pale mara nne, na mwenye nyumba ni mwanamke."

"Endelea," alisema mzee.

"Upande wa kushoto napakana na fundi wa majiko ya bati, anagonga kutwa nzima lakini ni mtu wa watu. Kulia kuna mwalimu wa chuo cha Kurani. Waulizeni habari zangu, watawaambia na mabaya. Mabaya yangu ni kwamba nina mdomo. Nimechelewa kujibu kwa sababu mwandishi wangu alikuwa anaumwa macho. Mimi na nyinyi hatuna shemeji wala ng'ombe kati yetu. Lakini mtu akishajua jina la mama yako, huyo utamwitaje mgeni wa njiani? Wengine wote wanalipa kabla ya kulala. Nyinyi mtalipa mkiamka. Kulipa mtalipa, maana mimi ni mjane na vyumba ndivyo shamba langu. Nami nauliza: mnakula samaki? Nimesikia watu wa huko hamli. Na huyo baba yenu aliyewazuia, mpeni salamu. Mabinti wa mjini hapa wangekuwa na baba kama huyo, wengi wangekuwa salama."

Mzee Lohay aliomba asomewe tena pale penye majirani. Akasomewa. Akatikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyeridhika na ubao wa daraja baada ya kuukanyaga.

"Fundi upande huu, mwalimu upande huu," alisema. "Mwanamke huyo ana watu. Zubery, maksai yuko pale nje. Wewe unajua bei nzuri, na leo huwezi kunipunja, umeingia nyumbani kwangu." Kisha akawageukia watoto wake kwa ukali. "Na mnasimama nini? Mnakwenda kwa mwenyeji mikono mitupu? Tafuteni asali!"

*

Basi liliwapitisha Babati na Kondoa hadi Dodoma, wakapanda gari moshi, wakashuka Dar es Salaam asubuhi, wamevimba miguu, Tekla akiwa na kibuyu cha asali mapajani na Joakimu na cha samli. Joto liliwapokea kabla ya mtu yeyote. Waliuliza njia mpaka nyuma ya soko, na wakasikia nyundo ya fundi wa majiko kabla ya kuiona nyumba.

Kijana alikuwa dirishani na funguo zake. Watu wanne walipanga mstari mbele yake, kila mmoja na pesa mkononi. Lakini nyumba ya mtu haiingiliwi hivyo. Kwa desturi ya nyumbani Joakimu alisimama mbali kidogo na mlango, akajisafisha koo ili aite. Hakuita. Mtaa ulijaa watu, wabeba mizigo, wanawake wenye vikapu, na masikioni mwake alimsikia Zubery: watasema mmeshuka mlimani jana.

Tekla alimsubiri. Kisha akamkabidhi kibuyu, akashika kiuno, akaita kama anavyoita mtu ng'ambo ya bonde.

"Shumbana binti Tawakali! Mtoto wa Sauda! Sisi wa nyumba ya Lohay, wa Endagikot, tumefika!"

Nyundo ilinyamaza. Mstari wa dirishani uligeuka wote. Mtu mmoja alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Kutoka uani alikuja mwanamke mnene, mikono ina povu la sabuni, kanga inamteleza begani, akasimama kizingitini.

"Sema tena," alisema.

"Shumbana, mtoto wa Sauda. Tumefika."

Bi Shumbana aliketi pale pale kizingitini. Alilia na kucheka kwa pamoja, povu likimshika mashavuni. "Jina la mama yangu," aliwaambia wale wa mstarini, kana kwamba wao ndio wenye deni la kuelezwa, "halijaitwa mtaani hapa tangu tumzike. Sogeeni. Wapisheni wageni wangu."

Walilala wakaamka, wakalipa. Alizipokea shilingi zao bila aibu, akazifunga kwenye pindo, kisha akawaletea chai na maandazi ya Sauda, na maharage badala ya samaki. Alimwuliza Joakimu kama alilala chali. Chumba cha pili, alisema, kimethibitisha.

*

Siku ya kofia Bi Shumbana aliwasindikiza. Getini mlinzi alisema ni wazazi peke yao. "Nitakaa hapa hapa," alijibu, akatandika kanga chini ya dirisha la ukumbi.

Wasichana walisimama mstari mmoja, magauni yamekaza kwa wanga. Benedikta alikuwa amekonda na amekuwa mrefu. Alikuwa anatazama mlango, kama Tekla alivyomwona siku nyingi kutoka jikoni kwake, na alipomwona mama yake aliuma mdomo wake wa chini ili asilie mbele ya matroni.

Jina likaitwa. Tekla akaenda. Mikono iliyokamua na kupukuchua bila kukosea haikuwahi kushika kitu kama kile. Kofia ilikuwa ndogo na ngumu, na Benedikta ilibidi apige magoti. Tekla aliiweka, akabana vibanio, akarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa imekaa upande, karibu na sikio. Matroni aliinua mkono kuinyoosha.

"Tafadhali, Matroni," alisema Benedikta. "Iache alivyoiweka."

Mkono ukashuka. Na kutoka nje ya dirisha, pasipo na mzazi wa mtu yeyote, vikapigwa vigelegele ambavyo mlinzi hakuvizuia.

*

Waliporudi Endagikot watu walijaa nyumbani kuuliza habari za bahari. Nikolausi alikuja, Mwalimu Patriki alikuja, Zubery alifunga duka tena. Mzee Lohay aliwangoja wote wanyamaze.

"Shumbana hajambo?"

"Hajambo, Baba. Anakusalimu sana. Asali ameipenda."

"Na yule fundi wa majiko?"

"Mzima. Anagonga."

"Na mwalimu?"

"Mzima, Baba."

Mzee alipumua. Ndipo akauliza, "Na kofia?"

"Ilikaa upande," alisema Tekla.

"Lakini ilikaa."

"Ilikaa, Baba."

Jioni ile mzee alisimama uani na kibuyu chake cha maziwa kuwaombea watu wake walio mbali, mmoja mmoja kwa jina, kama ilivyo desturi. Alimtaja Benedikta. Kisha akamtaja Shumbana, mtoto wa Sauda, wa nyuma ya soko, na Tekla akaitikia kwa sauti kuliko wote.